Joho Lililochakaa Magotini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyekubali kukaa nasi kwenye kiti cha plastiki ilhali kile cha enzi kipo nyuma ya pazia hilo, Ndugu Mkurugenzi wa kampuni yetu ya filamu, Ndugu Mwongozaji, ndugu waigizaji, wakubwa na wale mnaokufa mapema, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa karakana ya mavazi, ambao leo mmevaa vizuri kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, na wewe dada yangu, uliyekaa mstari wa mbele upande wa dirishani penye mwanga: nawasalimu wote kwa vyeo vyenu, na asiye na cheo namsalimu kwa umri wake.

Mmeambiwa nitazungumza dakika kumi. Aliyewaambia hakuniuliza.

Katibu wa ofisi aliniandikia hotuba ya kurasa mbili, ina maneno mazito kama "mchango uliotukuka." Nikamwambia, mwanangu, neno hilo nikilitamka meno yatatoka. Mimi shule niliishia darasa la tatu, niliondoka kwa kugombana na mwalimu, na mpaka leo ninavyosimama hapa mwalimu ndiye aliyekosea. Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa kama za kwenye magunia, na imenichukua siku sita. Kwa hiyo mtaisikiliza yote.

Nianze kwa kujisifu, maana kesho naanza kustaafu na sijui nani atanisifu. Nimekaa karakana ya mavazi miaka thelathini na mmoja. Hakuna mfalme, malkia wala mwana wa mfalme aliyepita kwenye skrini kwa jina la kampuni hii bila kupimwa kiuno na mimi. Wafalme kumi na saba! Wengine waliletwa kwangu wamekonda, mabega yamelala kama ya kuku aliyenyeshewa, nikawashonea mabega. Yupo aliyeshinda vita saba kwenye filamu, na mwenyewe alikuwa anaogopa mende. Joho lake nililishona zito makusudi, ili akitaka kukimbia asiweze. Mlijua hayo? Hamkujua. Mlimwona shujaa. Sasa niambieni, shujaa ni nani hapo, yeye au sindano yangu?

Lakini kushona kila mtu anashona. Kazi yangu hasa, ile ambayo nitaondoka nayo kichwani na hamtaipata dukani, ni kuchakaza.

Ndugu wageni, niwaeleze. Nguo ikitoka kwenye cherehani haijui kitu, haijamjua mtu. Ukimvisha mwigizaji vile vile, mtazamaji anaona mtu aliyevaa nguo ya filamu. Kwa hiyo unaichemsha kwenye chai ya rangi, unaianika juani, unaipiga msasa, unaipaka vumbi na mafuta kidogo, mpaka ionekane imeishi na mtu miaka kumi. Tatizo ni moja: unaichakaza wapi? Hapo ndipo mafundi wengi wanaanguka. Karani anachakaa viwiko. Mama mwenye mtoto mchanga anachakaa bega, lile analolalia mtoto. Mlinzi wetu wa getini, msimgeukie jamani, anachakaa mgongo, kwa kuegemea ukuta. Huwezi kuchakaza nguo ya mtu kama hujui alikuwa akishinda anafanya nini. Na nguo ikichakaa mahali pasipo pake, umemsingizia mtu, hata kama amekufa zamani, na maiti hana mdomo wa kukujibu.

Mimi nilimsingizia mmoja. Katika miaka thelathini na mmoja kosa ni hilo tu, na nalisema mwenyewe ili msihangaike kunitafutia mengine.

Miaka ishirini na miwili iliyopita tulitengeneza filamu ya yule mtawala wetu wa zamani, ambaye watoto wote wanamwimba shuleni, kwa hiyo sina haja ya kumtaja mbele ya watu wazima. Nikapewa kazi ya joho lake. Nikajiuliza: mfalme anashinda akifanya nini? Nikajijibu haraka, kama mjinga yeyote: mfalme anakaa. Basi nikalipiga msasa sehemu ya kukalia, nisamehe Mheshimiwa, mpaka likang'aa kama sufuria. Magotini nikaliacha jipya.

Filamu ilipendwa sana. Mwigizaji wetu mkuu, ambaye hapa sote tunamwita Bwana Kifua na yeye anaitika, wakati huo alikuwa bado kijana. Alipakwa mafuta, akapandishwa kwenye kiti chenye ngazi saba, akanguruma. Ngurumo hiyo mnaijua. Watoto wanaiiga mitaani, na mwenyewe hunguruma hivyo hivyo akiagiza chai kantini.

Nikamwalika dada yangu sebuleni kwangu aje kuiona kwenye televisheni. Kila joho lilipotokea nilipiga kelele, "Hilo langu! Hilo langu!" mpaka marehemu mke wangu akaniambia, "Baba watoto, hebu tuache tumwone na mwenye kulivaa." Dada aliangalia mpaka majina yakapita, na langu lilikuwamo, mstari wa kumi na nne. Kisha akachukua mkoba wake, akasimama.

"Huyo amekaa mno," akasema. "Wetu hakuwa na nafasi ya kukaa."

Nikamwambia, "Dada, wewe unajua nini mambo ya filamu?"

"Filamu sizijui. Nguo nazijua. Mimi nimelelewa na aliyezifua."

Akaondoka. Hakunisemesha miezi minne. Nami nikamnunia mitano, nisishindwe.

Ndugu wageni, alichosema dada ni kweli tupu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa mfua nguo nyumbani kwa mtawala yule. Hakuwa mke wala jamaa wa ukoo wake, alikuwa mfua nguo tu, miaka kumi na mmoja. Wenzetu wa vitabu wanatafuta habari za wafalme kwenye barua na mikataba, na mimi siwakatazi. Lakini nani anamjua mtu kuliko anayezifua nguo zake? Daktari anamwona siku ya ugonjwa. Mfua nguo anamwona kila wiki.

Na bibi alisema joho la mtawala yule lilichakaa magotini, hasa la kulia. Goti hilo alilitia kiraka mara tatu. Sehemu ya kukalia ilikuwa karibu mpya.

Kwa nini? Kwa sababu alikuwa kiziwi wa sikio moja. Hilo hamkulisikia shuleni, sivyo? Sikio la kulia lilikuwa limekufa tangu utoto. La kushoto ndilo lililokuwa linasikia, tena kwa shida. Watu waliokuja kushtaki walikaa chini kwenye mkeka, wengi wao wazee, wenye sauti nyembamba. Sasa mtu kiziwi, juu ya kiti, angesikia nini? Alikuwa anashuka, anapiga goti pembeni ya mwenye shida, anaweka sikio la kushoto karibu na mdomo wake, na anabaki hivyo mpaka mtu amalize. Wengine walikuwa waongo na wengine walirudia kesi ya ng'ombe mmoja asubuhi nzima. Alibaki hapo hapo, goti chini.

Wala msidhani nawaletea malaika. Bibi alisema alikuwa bahili wa sabuni, anaifungia sandukuni na ufunguo anautia shingoni. Alikuwa na hasira. Alimfukuza kaka yake wa tumbo moja, na hakumrudisha. Wala hakunguruma; alikuwa akiongea kwa sauti kali ya juu, kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya bonde, maana hakujisikia mwenyewe. Huyo ndiye aliyekuwepo. Sisi tuliwapa watu mwingine.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo katika siku sita za kuandika nililifuta mara mbili. Miaka yote karakana nimekuwa nikiwaambia vijana, "bibi aliniambia, bibi aliniambia." Hakuniambia. Bibi alipokufa mimi nilikuwa na miaka minne, na jioni akisimulia nilikuwa nimelala mapajani mwa mama, mdomo wazi. Aliyeambiwa ni dada. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, akimsaidia bibi kukunja nguo, na huku wakikunja, bibi akisema. Kila ninachokijua cha mtawala yule nimekiokota kwa dada, kipande kipande, na nimekuwa nikikivaa kama changu.

Mimi nina sabini na minne sasa. Niwaambieni kitu cha ajabu: kuna mtu ninayetamani kumwona kuliko wote waliokufa kwetu, na sijawahi kumwona hata kivuli. Nimemshonea joho, lakini sura yake siijui. Wakati mwingine nikiwa napiga pasi peke yangu, karakana imetulia, mvuke unapanda, nalinyanyua joho kwenye meza na kwa muda mfupi sana linakuwa zito, kama lina bega ndani. Kisha mvuke unakwisha, na ninachoshika ni kitambaa.

Sasa nije kwenye shida yenyewe, kwa sababu mzee hasimami mbele ya watu wote hawa kwa ajili ya keki.

Mwezi ujao kampuni inaanza filamu mpya ya mtawala yule yule, kubwa kuliko ile, ya rangi safi, itaonyeshwa mpaka ng'ambo. Joho lake limeshakuwa tayari. Ndiyo kazi yangu ya mwisho, na nasema bila aibu ndiyo bora kuliko zote. Nimelichakaza miezi mitatu, magotini, na goti la kulia lina viraka vitatu, kimoja juu ya kingine. Nikalipeleka kwa Ndugu Mwongozaji. Akaligeuza, akalitazama kwa heshima, yeye ni mtu wa heshima, akasema, "Mzee, kazi hii haina mfano. Magoti tutayafunika na ngozi ya chui."

Nikamwambia, "Mwanangu, chui huyo alizaliwa lini? Mimi simjui."

Akaniketisha, na akaniambia maneno ambayo sitayadharau. Alisema, "Mzee wangu, watu wetu wamepigishwa magoti miaka mingi mno. Mtu amefanya kazi kutwa, ametukanwa na bosi, anakuja kwenye filamu aone mmoja wao, mmoja tu, amekaa juu. Nikimwonyesha mfalme wake amepiga goti, si nitakuwa nimemwongezea tusi?"

Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Mimi si mtu wa kushindwa hoja, ila hiyo ilinishinda siku mbili. Siku ya tatu nilimjibu, nikarudia mbele ya Bwana Kifua, ambaye ndiye atakayemwigiza tena. Nilisema, yuko anayepigishwa magoti, na yuko anayeshuka mwenyewe kwa sababu anataka kusikia. Huyo mfanyakazi aliyetukanwa kutwa, mwanangu, amewaona wengi waliokaa juu. Hajamwona hata mmoja aliyeshuka akamtegea sikio. Unadhani ana kiu ya yupi?

Bwana Kifua akadakia, "Lakini mzee, nikipiga goti kifua hakionekani."

Nikamwambia, "Baba, kifua chako tumekiona miaka ishirini na miwili. Hata upofu hautatusahaulisha."

Wote wakacheka. Mimi nikaacha kucheka katikati, kwa sababu neno lile lilinirudia.

Dada yangu anapofuka. Daktari wa macho ametuambia, tena kwa upole, kwamba anaona kupitia tundu dogo tu, kama mtu anayechungulia ndani ya pete, na tundu linafunga kila mwezi. Filamu itakapotoka, mwakani, litakuwa limeshafunga.

Nilikwenda kwake Jumapili iliyopita kumwalika leo. Alikuwa anakunja mashuka kwa kupapasa. Nikamwuliza, dada, kuna kitu unataka nikufanyie kabla ya hayo macho? Nilidhani atasema tusafiri, au aonyeshwe vitukuu. Akakunja shuka la pili. Ndipo akasema:

"Zamani nikifumba macho nilikuwa namwona yule wa bibi. Vizuri kabisa. Tangu ile filamu yenu, nikifumba macho namwona Kifua. Nimejaribu kumtoa, hatoki. Amekaa tu pale juu ya ngazi zake. Sasa mdogo wangu, mimi naenda kufumba macho moja kwa moja. Nataka unirudishie wangu."

Ndugu wageni waalikwa, wakubwa zangu: mnaotengeneza filamu za watu wa kale mnadhani mnajaza mahali palipo patupu. Hapakuwa patupu. Kila nyumba kuna bibi aliyekuwa amemweka mtu wake hapo, na sisi tunakuja na taa na mafuta ya kifua, tunamsukuma. Mimi kwa sindano yangu hii nilimfukuza mfalme kutoka ndani ya macho ya dada yangu. Hakuna adui wa mtawala yule aliyewahi kumfanyia hivyo.

Zawadi mliyonipa, saa ya ukutani, naishukuru, ingawa mtu aliyestaafu sijui mnataka awahi wapi. Lakini naomba nyingine badala yake, na karatasi yangu inaishia hapa. Yaliyobaki nayasema bila kusoma.

Bwana Kifua, nakuomba uje mbele. Ndiyo, sasa hivi. Wewe mpiga pasi, niletee lile joho kwenye ndoano, lile lisilo na chui. Mvike. Hapana, baba, usivue shati, lifunge. Funga mpaka juu.

Dada, kaa hapo hapo, mwanga ni mzuri. Mimi nitashuka nikae chini mbele yako, hatua tatu. Mkeka hakuna, zulia litatosha. Mimi ndiye mlalamikaji. Kulalamika najua, muulizeni Mkurugenzi. Msinisaidie, naweza kukaa mwenyewe. Haya.

Njoo, baba. Usiniangalie mimi, wala usiwaangalie watu. Huna sikio la kulia. Unanihitaji. Shuka. Goti la kulia. Leta sikio karibu, karibu zaidi, siumi.

Dada! Ndiye?

Hamumsikii, hana kipaza sauti. Nitawaambia mimi anachosema.

Anasema bado.

Anasema mkono. Mkono gani, dada? Wa kulia. Anasema kiganja cha kulia kiwe chini, kimefunguka, karibu na mguu wangu, asije akaanguka akiwa ameinama. Anasema mkono wa joho ulikuwa ukifagia vumbi, na bibi alikuwa akiufua peke yake, kabla ya joho lenyewe, kwa maji mawili.

Dada, hilo hukuwahi kuniambia! Nimechakaza joho hili miezi mitatu, mkono ni safi kama wa bwana harusi!

Anasema, "Hukuniuliza. Kila nilipoanza, ulisema unajua."

Weka kiganja chini, baba. Hivyo. Tulia.

Anasema niinamishe kichwa, namziba.

Nimeinamisha, dada. Nimeinamisha. Mwangalie kwa nafasi yako, hatuna haraka.

Ndugu Mwongozaji, nakuona umetoa kalamu. Sogea, na usije na kiti. Fundi utakayeshika meza yangu, njoo na daftari, kwa sababu naona yapo mengine, na mimi niliyejidai najua yote sijui ni mangapi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi, wenzangu wote wa miaka yote, asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa naomba mnyamaze. Dada anasema tena.